Daraja la kwanza au la pili kwenye treni: nyongeza ya nauli inalipa lini?

Treni ni moja, reli ni moja, na abiria wa behewa la mbele na wa la nyuma wanafika dakika ile ile. Kwa hiyo mwenye tiketi ya daraja la kwanza hawezi kujitetea kwamba amelipia kuwahi. Amelipia jinsi ya kukaa mpaka afike, basi.

Kwenye ndege swali hili ni jepesi kidogo, kwa sababu kiti cha kawaida cha ndege kinabana, na anayelipa zaidi anakimbia adha. Treni nzuri ya mchana haiko hivyo. Daraja la pili lina nafasi ya miguu, lina meza, na ukichoka unasimama ukatembea mpaka kwenye mkahawa wa treni bila kumwomba mtu ruhusa. Nyongeza ya daraja la kwanza inakutoa kwenye pazuri na kukupeleka penye uzuri zaidi kidogo, na watu wengi hawahitaji hicho kidogo. Treni za usiku zina hesabu yake, nami nitazifikia.

Ukiacha mapambo, unaponunua daraja la kwanza unanunua mambo matatu: nafasi, uchache wa watu, na masharti ya tiketi. Hayo yapime moja moja, maana kila kampuni ya reli inayachanganya kwa namna yake.

Kiti kwa kiti

Anza na mpangilio wa viti kwenye mstari mmoja. "2+1" maana yake viti viwili upande huu wa njia ya katikati na kimoja upande ule.

| Treni | Daraja la chini | Daraja la juu |
|---|---|---|
| ICE, Ujerumani | 2+2 | 2+1 |
| TGV, Ufaransa | 2+2 | 2+1 |
| Shinkansen, Japani | 3+2 | 2+2 (Green), 2+1 (Gran Class) |
| Treni za kasi, China | 3+2 | 2+2 (daraja la kwanza) |
| Acela, Marekani | 2+2 (Business) | 2+1 (First) |

Mtu akilisoma jedwali hili haraka atasema daraja la kwanza la China ni sawa na la pili la Ujerumani. Si kweli. Behewa la Shinkansen lina upana wa takriban mita 3.38, na za China zinakaribia hapo, wakati la TGV ni kama mita 2.9. Viti vinne kwenye behewa pana si sawa na viti vinne kwenye behewa jembamba. Angalia pia Marekani: Acela haina kabisa daraja la kawaida. Cha chini kabisa kinaitwa Business, na ukikaa humo unakuta mpangilio ule ule wa 2+2. Jina la daraja halikwambii chochote mpaka uone picha ya ndani ya behewa.

Japani ndiyo nchi ambayo ningesita zaidi kulipa nyongeza ya mchana. Kwenye treni za aina ya N700, umbali kutoka kiti kimoja hadi cha mbele yake ni sentimita 104 kwenye daraja la kawaida na 116 kwenye Green. Sentimita 12 ni kitu, ila hizo 104 zenyewe tayari zinamtosha hata mtu mrefu kunyoosha miguu. Tena viti vya madaraja yote mawili vinageuzwa kuelekea treni inakokwenda, hivyo hakuna anayesafiri kinyumenyume kwa kukosa pesa. Kinachokuudhi kwenye daraja la kawaida ni kile kiti cha katikati kwenye upande wa watatu, na hicho unakikwepa kwa kuchagua kiti mapema.

Ulaya mambo ni tofauti, na sababu ni kile kiti kimoja cha pembeni kwenye 2+1. Kwa msafiri wa peke yake, hicho ndicho daraja la kwanza lenyewe, mengine ni nyongeza. Una dirisha upande mmoja na njia upande wa pili. Hakuna mtu wa kumwamsha ukienda msalani, wala wa kushindana naye kwa viwiko juu ya mkono wa kiti. Ukifungua kompyuta hakuna jicho la jirani kwenye skrini. Kwenye daraja la pili mnaanza safari kwa adabu, kila mmoja amekunja mkono wake, na baada ya saa moja na nusu mmoja wenu ameshauteka mkono wa kiti wote na mwingine amesogea dirishani akijifanya anatazama mashamba. Mnaosafiri wawili mnaopendana hamna shida hiyo, na kwenu sababu kubwa ya kulipa nyongeza inapungua papo hapo.

Umati

Watu wengi husema wanataka "utulivu". Ni hoja nzuri, ila utulivu wa daraja la kwanza unategemea saa kuliko unavyotegemea tiketi. Jumatatu asubuhi na Ijumaa jioni, kwenye njia zinazounganisha miji mikubwa, daraja la kwanza linajaa watu wa shughuli, na mtu wa shughuli mwenye simu ana kelele kuliko wanafunzi watatu waliolala. Jumatano saa nane mchana, behewa zima la daraja la pili linaweza kuwa na watu kumi. Ukilipa nyongeza siku hiyo unanunua utupu ambao mlango wa pili unatolewa bure.

Kama kelele ndiyo hofu yako, tafuta kwanza behewa la kimya. Kwenye ICE sehemu za kimya zipo madaraja yote mawili, na sharti ni kuichagua tu unapoweka nafasi.

Kinachowasukuma wengi kwenye daraja la kwanza ni hofu ya kusimama. Kuna nchi, Ujerumani ikiwemo, ambako tiketi ya kawaida inakupa haki ya kupanda treni bila kukuhakikishia kiti. Sikukuu zikikaribia, watu wanakaa juu ya mabegi yao karibu na milango. Hofu hiyo ina dawa ya bei ndogo, nayo ni kuweka nafasi ya kiti kwenye daraja la pili kwa ada inayolipwa kando. Kwa hiyo unapolinganisha, usiweke "daraja la pili" mkabala na "daraja la kwanza". Weka "daraja la pili pamoja na kiti kilichowekwa". Kwenye TGV suala hilo halipo, kwani kila tiketi inakuja na namba ya kiti.

Mwenye watoto wadogo asipoteze pesa. Vyumba vya familia zenye watoto wachanga kwenye ICE viko daraja la pili, na hata pale ambapo hakuna chumba maalumu, mtoto anayelia kwenye behewa la watu sabini anasahaulika upesi. Kwenye behewa la kimya lenye watu ishirini waliolipia ukimya, kila shingo inageuka.

Masharti ya tiketi ndiyo yenye pesa

Hapa ndipo watu wanapoliwa, na ndipo pia penye nafuu kubwa kwa anayesoma maandishi madogo.

Mifumo mingi ya reli za masafa marefu sasa inauza tiketi kama za ndege: bei inapanda kadiri viti vinavyoisha, na tiketi ya bei ya chini inafungwa na treni moja tu. Kando yake kuna tiketi huru, ambayo unapanda treni yoyote ya siku hiyo. Matokeo yake ni kwamba tiketi ya punguzo ya daraja la kwanza inaweza kuwa rahisi kuliko tiketi huru ya daraja la pili. Ujerumani hilo ni jambo la kawaida. Anayefungua tovuti, akaona daraja la kwanza liko chini, anadhani mashine imekosea. Haijakosea. Inalinganisha mtu aliyekubali kufungwa na treni ya saa nne na dakika ishirini, na mtu anayetaka kubaki huru mpaka saa kumi na mbili jioni.

Basi kabla hujauliza daraja, jiulize kama saa yako ya kusafiri inaweza kubadilika. Kama mkutano wako unaweza kuchelewa, pesa ya nyongeza inunulie uhuru wa kubadilisha treni ukae daraja la pili. Kiti kipana kwenye treni iliyokwishaondoka hakina faida yoyote. Kama saa yako haibadiliki na unanunua wiki kadhaa kabla, angalia bei ya daraja la kwanza kila mara, hata kama huna nia nalo. Siku nyingine tofauti inakuwa ndogo kiasi kwamba kulikataa ni ukaidi.

Eurostar, treni ya kasi inayounganisha London na miji ya bara la Ulaya, ni mfano mzuri wa jambo hili kwa sababu ina ngazi tatu. Kutoka ya chini kwenda ya kati unapata kitu cha kushikika: mpangilio wa 2+2 unakuwa 2+1, na mlo mwepesi unaletwa kitini. Kutoka ya kati kwenda ya juu, kiti hakibadiliki cha kusimulia. Unacholipia hapo ni mlo kamili, ukumbi wa kusubiria, kupita ukaguzi haraka, na haki ya kubadilisha au kurudisha tiketi. Kwa mfanyakazi ambaye ratiba yake inapinduliwa kila saa, hiyo haki ina thamani. Kwa anayekwenda likizo na hoteli ameshalipia, ni pesa iliyotupwa, na sioni namna ya kulisema hilo kwa upole.

Wanaonunua pasi ya Interrail, yaani tiketi moja ya kupanda treni za nchi nyingi za Ulaya, wajue kwamba ya daraja la kwanza huzidi ya pili kwa kati ya robo na theluthi, na haiondoi ada za kuweka nafasi kwenye treni zinazolazimisha. Ukipanga kupanda treni nyingi za masafa marefu msimu wa joto, tofauti hiyo ikigawanywa kwa siku inakuwa ndogo. Ukipanga kupita kwenye njia ndogo za vijijini, tahadhari: treni nyingi za huko hazina daraja la kwanza kabisa, na pasi yako ya gharama itakaa kwenye viti vile vile na wenzako.

Jambo moja la kuchekesha kidogo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2021/782 inampa abiria asilimia 25 ya nauli treni ikichelewa dakika 60 hadi 119, na asilimia 50 ikifika dakika 120 au zaidi. Kwa kuwa ni asilimia ya nauli, wa daraja la kwanza anarudishiwa nyingi. Kuchelewa lakini wamechelewa sawa.

Chakula, ukumbi, intaneti

Vitu hivi vinapigwa picha vizuri kwenye matangazo, na ndivyo vyenye uzito mdogo zaidi. Kwanza havifanani. Acela First ina mlo ndani ya nauli. Daraja la kwanza la TGV halina: unakwenda mkahawani na kulipa kama kila mtu. Kwenye ICE mhudumu anakuja mpaka kitini kuchukua oda, na bili inakuja naye. Ukinunua kwa kudhani "daraja la kwanza lazima lina chakula", umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Soma njia yako, kampuni yako, na hata saa yako, kwa sababu kuna kampuni zinazopunguza huduma wikendi.

Pili, anasa za daraja la kwanza zina tabia ya kuteremka. Intaneti ya bure kwenye ICE ilikuwa ya daraja la kwanza, na tangu Januari 2017 iko pia daraja la pili. Hii si tabia ya leo. Uingereza ya miaka ya 1830 ilisafirisha baadhi ya watu wa daraja la tatu kwenye mabehewa yasiyo na paa, na ilibidi itungwe sheria mwaka 1844 kulazimisha kila kampuni iwe na treni angalau moja kwa siku yenye viti na paa kwa watu hao. Mwaka 1875 kampuni ya Midland ikafuta daraja la pili na kutia mito kwenye viti vya la tatu. Japani ilifuta majina ya madaraja mwaka 1969 na kubakiza behewa la kawaida na la Green. Ulaya iliachana na mfumo wa madaraja matatu mwaka 1956, na metro ya Paris ikafuta daraja lake la kwanza mwaka 1991. Wa zamani alilipa asinyeshewe. Wa leo analipa kiti kilale nyuma kidogo zaidi, na ndiyo maana siku hizi kuna la kujadili.

Usiku

Hapa maneno yangu yanageuka. Kwenye treni ya usiku, ngazi za chini na za juu ni safari mbili tofauti kabisa, na kubana matumizi kunaweza kukugharimu siku nzima ya kesho yake.

Chukua Nightjet, treni za usiku za Austria zilizoanza kwa jina hilo Desemba 2016. Chini kuna kiti. Katikati kuna vyumba vya vitanda vya kukunjwa, vya watu wanne au sita. Juu kuna chumba cha kulala cha mtu mmoja mpaka watatu, chenye sinki, na kwa anayelipa zaidi, bafu la ndani. Mabehewa mapya yaliyoanza Desemba 2023 yameongeza vijumba vya mtu mmoja vinavyofungwa kwa mlango mdogo.

Kukaa kitini usiku kucha sikupendekezi kwa mtu yeyote aliyevuka miaka thelathini. Taa haizimwi vizuri, mlango wa behewa unafunguka kila kituo, na kufika saa moja asubuhi shingo imekakamaa si kufika. Chumba cha vitanda sita ni afadhali, ila ujue unachoingia: ngazi ni nyembamba, kitanda cha katikati hakikuruhusu kukaa wima, na yule wa juu atashuka saa tisa usiku akikanyaga ukingo wa godoro lako kutafuta viatu vyake kwa tochi ya simu. Vitanda vinne badala ya sita vinaondoa nusu ya karaha hizo kwa nyongeza ndogo.

Kwa chumba cha kulala, hesabu sahihi ni kutoa gharama ya hoteli ambayo hukulala. Ukishaitoa, nyongeza iliyokutisha mara nyingi inanywea. Na kama mpo wawili, angalia jinsi bei inavyopangwa. Kwenye treni za Amtrak za masafa marefu nchini Marekani, chumba kinatozwa kama chumba, kila abiria analipa nauli yake ya kawaida juu yake, na milo imo. Wawili wakigawana, kila mmoja anabeba nusu ya mzigo ambao wa peke yake angeubeba mzima.

India inafundisha jambo ambalo nalitumia kila mahali. Kwenye mabehewa yenye kiyoyozi kuna ngazi tatu za kulala: 3A, ya chini, ina vitanda vitatu vya kupandana, watu wanane kwa kila sehemu ukihesabu wa pembeni. 2A ina viwili vya kupandana, watu sita, na mapazia. 1A ina vyumba vya watu wawili au wanne vyenye mlango. Kwenye 3A, kitanda cha katikati kinaruhusiwa kufunguliwa saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi tu, kwa sababu kikiwa wazi wa chini hawezi kukaa wima. Mwenye usingizi wa mapema na mwenye kutaka kupiga soga wanabishana hapo kila siku ya Mungu. Kupanda kutoka 3A kwenda 2A kunaondoa ugomvi huo wote. Kutoka 2A kwenda 1A kunakupa mlango. Mlango ni mzuri, hasa kwa familia, ila hatua ya kwanza ndiyo iliyobadilisha safari, na mara nyingi ndiyo yenye nyongeza ndogo. Popote penye ngazi tatu au nne, itazame ya pili kutoka chini kabla hujatazama ya juu.

Basi ulipe au usilipe?

Kwa mchana, mimi hugawa nyongeza kwa saa za safari, kisha nalinganisha na ninachopata kwa saa moja ya kazi. Anayeweza kufanya kazi kwa saa nne mfululizo kwenye kiti cha peke yake ameshairudisha pesa kabla ya kushuka. Anayepanga kulala na kusikiliza muziki hajarudisha kitu, ila kama mgongo au magoti yana shida, asihesabu kama sisi. Kwa wengine mpaka wangu ni huu: safari iliyozidi saa tatu, na nyongeza isiyofika theluthi ya nauli, nunua. Safari chini ya saa mbili na bei mara mbili, pita. Katikati ya hapo, siku na saa ndizo zitakazoamua.

Kuna pia njia ya subira. Nunua la pili mapema, kisha subiri ofa ya kupandishwa siku chache kabla. Kampuni kadhaa za Uingereza hutumia programu ya Seatfrog, ambapo abiria mwenye tiketi ya kawaida anatoa dau kwa kiti cha daraja la kwanza kilichobaki. Usichofanya ni kuingia ukakaa kwanza na kutarajia kumlipa mkagua tiketi tofauti. Kuna reli zinazokubali hivyo, na kuna nyingine ambazo utatozwa faini.

Na ukishalipa, chagua kiti mwenyewe kwenye ramani ya behewa, usiiachie mashine. Madirisha hayalingani na mistari ya viti kila mahali, na kuna viti vya daraja la kwanza vinavyouzwa kama vya dirishani ambavyo ukikaa unatazamana na ukuta wa plastiki mpaka mwisho wa safari.